Kufundisha grafu kwa mvua ya uwanjani: tulivyofanya Darasa la Nne

Masika iliyopita nilimsaidia mwalimu mwenzangu hapa Vingunguti, Dar es Salaam, kufundisha grafu kwa mvua inayonyesha shuleni, badala ya namba za kitabuni. Kuna hatua moja ilitukwamisha wiki nzima, hiyo nitaieleza kwa kirefu.

1. Kipima mvua. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Zenye kiuno achana nazo. Ikate pale inapoanza kubana, kisha kile kipande cha juu kigeuze ukichomeke kama faneli. Weka kokoto chini, mimina maji yazifunike, chora mstari wa sifuri hapo, kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde. Bandika rula kuanzia kwenye mstari huo. Milimita moja ya rula ni lita moja ya mvua kwa kila mita ya mraba. Iweke mbali na mwembe na mabati.

2. Someni kila siku saa tatu asubuhi, kwa zamu. Mkishasoma, rudisheni maji kwenye sifuri.

3. Jedwali. Hapa ndipo tulipokwama. Grafu ya kwanza ilikuwa na nguzo ndefu kila Jumatatu, na watoto wakaandika kwamba Jumatatu ndiyo siku ya mvua nyingi. Tukadhani wamekosea kuchora, tukawarudisha mara mbili. Kumbe walichora sawasawa kabisa! Jumamosi na Jumapili hakuna aliyesoma, kwa hiyo chupa ya Jumatatu ilibeba mvua ya siku tatu, na kwenye jedwali siku hizo mbili tulikuwa tumeandika 0.

Sifuri maana yake nimepima, sikukuta kitu. Siku isiyopimwa iandikwe kistari, na kwenye grafu ibaki wazi. Namba ya Jumatatu iandikeni "siku 3" na nguzo yake ipakwe rangi nyingine. Msiigawe kwa tatu. Hapo mtakuwa mmetunga mvua ambayo hakuna aliyeiona. Dawa nzuri zaidi ni mlinzi. Wa kwetu alionyeshwa mara moja, akaachiwa daftari, na hajaruka wikiendi hata moja. Manyunyu yasiyofika milimita moja nayo yawe na alama yake, yasichanganywe na sifuri.

4. Kuchora. Karatasi ya miraba, penseli, rula. Kompyuta siitaki katika hatua hii, maana inamchagulia mtoto skeli, yaani mraba mmoja uwe milimita ngapi, na kuchagua skeli ndilo somo lenyewe. Tumieni nguzo. Grafu ya mstari iacheni kwa halijoto.

5. Kuisoma. Muulize mtoto anaona nini, kisha muulize grafu yake haiwezi kumwambia nini. Siku moja nguzo yetu ilikuwa milimita 4 tu, lakini eneo la Jangwani, huko mto unakoelekea, maji yalijaa barabarani. Mtoto mmoja akauliza kama chupa imetudanganya. Tukafungua ramani, wakaufuata Mto Msimbazi kwa kidole kutoka Jangwani kurudi nyuma hadi vilima vya Pugu. "Kumbe mvua ya kule haikupita kwetu, mwalimu, imepita mtoni."

Chupa ya pili sasa iko Pugu, kwa shangazi wa mwanafunzi mmoja, na yeye anasoma saa tatu kama sisi.