Kuzungumzia habari kwenye mtihani wa kuongea wa IELTS

IELTS ni mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Mtihani wake wa kuongea huchukua dakika 11 hadi 14, na mada ya habari inaweza kukujia katika sehemu yoyote kati ya tatu.

Sehemu ya kwanza huulizia mazoea: unapata habari wapi, mara ngapi. Sentensi mbili au tatu zinatosha, zenye chanzo, wakati na sababu: "I usually check the headlines on my phone before work, because I don't have time for a newspaper." Ukijibu kwa neno moja, mtahini hana cha kupima. Ukimwaga hotuba ya kukariri, atakugundua upesi.

Kosa sugu ni la sarufi. "News" ina s mwishoni lakini si wingi: sema "the news is", kamwe si "the news are". Habari moja ni "a piece of news" au "a news story". "A news" haipo.

Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada na dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika 2. Andika maneno machache tu, maana sentensi nzima zitakula muda wote. Chagua habari ndogo unayoikumbuka vizuri; siasa nzito hudai msamiati ambao pengine huna. Hakuna atakayehakiki ukweli wake, kinachopimwa ni lugha.

Ya tatu hudai hoja, mathalani kama magazeti yatadumu. Linganisha zamani na sasa kwa "people used to", toa sababu, kisha mfano. Usipoelewa swali, omba ufafanuzi kwa Kiingereza badala ya kubahatisha.