Namna ya kurusha chaneli yako ya analojia ndani ya waya, na kuzisoma chenga zake

Mjukuu wa jirani yangu hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, ana miaka 11. Alimsikia babu yake akisema "enzi zile za chenga", akadhani ni chenga za mpira. Hana kosa. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na yeye hajawahi kuona TV ikitoa chenga, vile vidoti vinavyochemka kwenye kioo mawimbi yakiwa dhaifu, maishani mwake. Babu yake ndiye mwenye kumbukumbu: anaukumbuka mwaka 1973, Televisheni Zanzibar ilipoanza na picha za rangi kabisa, wakati Bara walikaa bila televisheni hadi 1994. TV yake ya chogo, inchi 21, bado ipo sebuleni chini ya kitambaa. Tukakubaliana tumuonyeshe mtoto. Ilituchukua Jumamosi nzima, na zaidi ya nusu ya siku hiyo iliishia kwenye hatua ya 4. Hiyo usiiruke.

Hatua ya 1: Vifaa

TV ya chogo yenye tundu la antena. Deki ya DVD. Waya wa AV, na waya wa antena wa ohm 75. Vipunguza mawimbi vinne vya kufunga kwenye waya wa antena, viwili vya desibeli 10 na viwili vya 20. Mafundi wa madishi wanavyo. Na deki ya zamani ya VHS yenye tundu la RF OUT (linalotoa mawimbi ya kuingia kwenye antena ya TV), hata kama haichezi kanda tena.

Hiyo deki ya VHS ndiyo mtambo wako wa kurushia. Watu watakwambia ununue kile kiboksi kipya cha kugeuza AV kuwa RF. Mimi nimevitumia vitatu na sivipendi: kikishapata moto masafa yanahama, picha inaanza kupoteza rangi, unabaki kuifukuza chaneli na rimoti. Ndani ya deki mna kisanduku cha bati kilichofungwa vizuri, na masafa yake yanatulia siku nzima.

Usifungue mgongo wa TV kwa sababu yoyote. Ndani mna umeme wa zaidi ya volti 20,000, na kioo huendelea kuushika hata baada ya kuchomoa plagi.

Hatua ya 2: Unganisha

Waya wa njano na mweupe kutoka DVD uingie VIDEO IN na AUDIO IN za deki ya VHS. RF OUT iende kwenye tundu la antena la TV. Deki iweke AV.

RF OUT isiguse antena ya nje kamwe. Masafa yana leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo inayoyasimamia, na sehemu ya juu ya UHF (masafa ya juu ya televisheni) sasa imo kwenye mitandao ya simu. Jaribio lote hili linafanyika ndani ya waya.

Hatua ya 3: Tafuta chaneli

Deki nyingi hurusha chaneli 36 ya UHF, yaani 591.25 MHz. Sachi hapo. Kama king'amuzi cha jirani nacho kinapokea kwenye masafa hayo, geuza kidogo ile skrubu iliyo nyuma ya deki, uhamie 35 au 37.

Hatua ya 4: Sauti

Picha ilitoka safi. DVD ilikuwa ya harusi ya binti wa babu, na ungeweza kuhesabu shanga za bibi harusi. Sauti sasa: shhhhh tupu, kama mafuta yanayokaangia samaki. Nikabadilisha waya, nikabadilisha DVD, nikafungua deki na kusafisha matundu. Saa tatu zikaenda bure.

Tatizo lilikuwa hili. Katika analojia, picha na sauti husafiri kama mawimbi mawili tofauti, sauti ikikaa juu kidogo ya picha. Umbali baina yao unategemea mfumo: katika mfumo wa B/G ni 5.5 MHz, katika I, ule wa Uingereza, ni 6.0, katika D/K ni 6.5, na katika M wa Marekani ni 4.5. Picha za B/G na I zinafanana kiasi kwamba TV haitakulalamikia. Sauti ndiyo inayotafutwa pahala ambapo haipo. TV ya babu ilikuwa imewekwa B/G, na deki ilirusha I.

Kwa hiyo geuza deki nyuma utafute kiswichi kidogo kilichoandikwa B/G, I, D/K. Chetu kilifichwa na kibandiko cha bei. Kama deki haina kiswichi, ingia kwenye menyu ya TV utafute "Sound" au "System" na ujaribu moja moja. Usiiamini AUTO: mawimbi yakipungua inakisia vibaya, na hatua ya 5 nzima ni ya kuyapunguza mawimbi. Tena, TV nyingi huhifadhi mfumo wa sauti kwa kila chaneli peke yake. Ukibadilisha bila kuhifadhi upya chaneli, ukiondoka na kurudi utaikuta shhhh ile ile. Hili nalo lilinipotezea nusu saa. Na kuna TV zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza tu, hazijui kitu ila I. Hapo ni deki itakayoifuata TV.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo. Sauti ipo, lakini inavuma "zzzz" kila maandishi meupe yakitokea kwenye kioo. Huo si mfumo. Katika PAL, mfumo wa rangi wa TV hizi, weupe ndipo mawimbi ya picha yanapopungua kabisa, na video ikiingia na nguvu kupita kiasi, mawimbi hukatika kwenye weupe na sauti hukatika nayo. Video inatakiwa volti 1 tu. Kwetu kiunganishi cha njano hakikukaa sawasawa. Nilipokibana, mvumo ukaisha.

Hatua ya 5: Punguza mawimbi, angalia picha

Funga vipunguza mawimbi kati ya deki na TV, kimoja baada ya kingine, na kila mara kaa mita mbili kutoka kwenye kioo. Tulichokiona sisi:

Desibeli 20: ukiangalia ukuta mweupe nyuma ya bibi harusi, kuna vumbi jepesi linalochemka. Desibeli 30: chenga zenyewe, na mtoto akacheka kwa sauti. Desibeli 40: rangi inakuja na kuondoka, kisha inakufa, picha inabaki nyeusi na nyeupe. TV inazima rangi yenyewe kwa makusudi, maana alama fupi ya rangi inayotangulia kila mstari imezama kwenye chenga na TV haina tena cha kufuatia.

King'amuzi hakikupi ngazi hizi. Ukikipunguzia mawimbi picha inabaki nzuri, nzuri, kisha inaganda vipande vipande na kupotea. Analojia inakwambia mapema.

Hatua ya 6: Blenda na kivuli

Ukiwa na desibeli 30, washa blenda karibu na waya. Vidoti vitakatiza picha kwa mistari. Huo ndio ule ugonjwa wa pikipiki inayopita nje.

Kwa kivuli, yaani picha ya pili hafifu pembeni ya ile halisi, weka kigawanyo cha T kwenye waya wa antena na uning'inize mita 20 za waya usiofungwa mwisho. Mawimbi yanaenda hadi mwisho, yanarudi yakiwa yamechelewa mikrosekunde 0.2. TV huchora kila mstari kwa mikrosekunde 52, na kioo cha inchi 21 kina upana wa kama sentimita 40, hivyo kivuli hukaa milimita moja na nusu pembeni mwa herufi. Chukua rula upime. Babu akakumbuka msomaji wa habari mwenye mabega manne: kivuli kile kilisogea karibu milimita 8, maana yake mawimbi yaliyogonga jengo na kuja yalitembea kama mita 300 zaidi ya yale yaliyokuja moja kwa moja.

Hatua ya 7: Punguza hadi desibeli 50

Toa ile T, kisha funga vinavyofika desibeli 50. Kioo kimejaa chenga, bibi harusi ni kivuli kinachopita. Mtoto akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Taarabu ilikuwa inasikika, ikikwaruza, nyuma ya chenga.

"Babu," akasema, "bado wanaimba."