Mnaenda kuvua Uganda kwa gari? Anzeni na karatasi

Kikundi kikipanga kutoka Nairobi kwenda kuvua mbuta (sangara) kwenye hifadhi ya Murchison Falls, mazungumzo yote huwa ni fimbo na ndoana. Anzeni na gari. Kama si la dereva, mwenyewe aandike barua ya kumruhusu avuke nalo. Kama lina mkopo, benki ndiyo yenye logibuku, yaani hati ya umiliki, kwa hiyo barua iombwe huko mapema. Benki haijui kwamba mnasafiri Ijumaa. Kateni pia bima ya gari ya kuvukia mpaka, ile ya Comesa iitwayo Kadi ya Njano.

Mkenya huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Cheti cha homa ya manjano kila mtu abebe chake, na chanjo hiyo huhesabika baada ya siku 10, si asubuhi ya safari.

Ndani ya hifadhi, kibali cha kuvua hulipiwa kando na kiingilio. Ulizeni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kabla hamjaondoka.

Vifaa visiwe vya perege. Mbuta wa pale hupita kilo 50, na mdomo wake ni msasa: kila baada ya samaki, pitisha vidole kwenye mshipi karibu na ndoana, ukihisi mikwaruzo kata hapo ufunge upya. Koleo ndefu za kutolea ndoana mdomoni, mbili zinatosha gari zima. Ndoana ikikwama majini, kata mshipi. Mamba wapo, asishuke mtu.