Kupata vitovu vya matetemeko madogo Rungwe: kagua saa kwanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa na data za vihisi vilivyozikwa kuzunguka Mlima Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Hapo ndipo yanapokutana mabonde ya ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa, na mitikisiko mingi ni midogo kiasi kwamba hakuna anayeihisi.

Hatua ya 1: Vituo. Kituo ni mahali ulipozika kihisi pamoja na kinasa chake, yaani kifaa kinachorekodi mawimbi. Kwa kila tetemeko unatafuta vitu vinne: latitudo, longitudo, kina na wakati. Kwa hiyo vituo vinne ni kima cha chini kabisa. Mimi nataka vinane au zaidi, vizunguke eneo pande zote. Kimoja kiwe karibu sana. Tetemeko likiwa kina cha kilomita 5 na kituo cha karibu kiko kilomita 20, kina utakachopata usikiamini.

Hatua ya 2: Kuchimba. Majivu ya volkano ni laini, shuka hadi tabaka gumu. Kaa mbali na miti mirefu, mashine za kusaga na reli ya TAZARA. Unapoelekeza kihisi kaskazini, jihadhari na dira: mawe meusi ya volkano yana sumaku. Afadhali upige mstari kwa pointi mbili za GPS zilizo mbalimbali.

Hatua ya 3: Saa. Hapa usiharakishe. Wimbi la P, lile linalofika kwanza, hupita kwenye mwamba kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sekunde moja umepotea kilomita 6, na utachora kwenye ramani ufa ambao haupo.

Soma kwanza kumbukumbu ya GPS ya kila kituo kabla hujagusa mawimbi. Mawingu hayana neno. Majani ya migomba yaliyolowa ndiyo yanayoficha setilaiti, basi antena ipande juu ya mlingoti. GPS ikikatika, saa ya ndani hubaki peke yake. Ikikosea sehemu 1 kwa milioni tu, inapoteza sekunde 0.086 kwa siku. Setilaiti zikirudi utaona saa imeruka. Gawanya kosa hilo sawasawa katika muda wote wa kukatika, mradi kinasa kilikuwa kimezikwa na joto lake halikubadilika sana.

Kisha tafuta makosa mazima. Tofauti ya saa tatu kamili ni mtu aliyeandika saa za Afrika Mashariki badala ya UTC, yaani wakati wa kimataifa. Tofauti ya sekunde 18 ni kifaa kilichoandika wakati wa GPS wenyewe, ambao tangu 2017 umeitangulia UTC kwa kiasi hicho.

Mwisho, chukua tetemeko kubwa la mbali, tuseme la Indonesia. Kokotoa kwa ObsPy, maktaba ya Python ya data za matetemeko, wakati P ilipaswa kufika kila kituo, uutoe kwenye wakati ilipofika kweli. Mabaki yawe madogo. Kituo ambacho mabaki yake yanabadilika sana kati ya tetemeko moja la upande huo na jingine, saa yake inatangatanga. Kiweke pembeni hata kama mawimbi yake yanapendeza.

Hatua ya 4: Kusoma P na S. S ni wimbi la pili, linalofika baada ya P. Soma P kwenye mchoro wa mtikisiko wa wima, S kwenye wa mlalo. Kwa mkono, tafadhali. Programu za kujisomea mara nyingi hushika S kwa kuchelewa. Tofauti ya wakati wa kufika S na P kwa sekunde, zidisha kwa 8, upate umbali kwa kilomita, kwa kukadiria.

Hatua ya 5: Kitovu. Natumia NonLinLoc, programu ya kutafuta kitovu, kwa sababu huonyesha wingu lote la uwezekano badala ya nukta moja inayojifanya hakika. Halafu HypoDD, programu inayolinganisha matetemeko jirani, kwa yale yaliyosongamana.

Hatua ya 6: Tabia ya tetemeko. Angalia kama P inaanza kwa kupanda au kushuka kwenye kila kituo. Mgawanyo huo ndio unaoonyesha ufa umeteleza vipi. Tetemeko lilelile la mbali litakufichulia kihisi kilichofungwa nyaya kinyume: wenzake wanapanda, chenyewe kinashuka. Kuhusu ukubwa, fomula ya Richter ya 1935 ilipimwa kusini mwa California, ambako mawimbi hufifia kwa kiwango cha huko. Pima ufifiaji wa hapa kwa data zako mwenyewe, au tumia ukubwa wa momenti, unaotokana na eneo la ufa na kiasi ulichoteleza.