Jinsi ya kumkinga mbwa na paka wako na sumu za nyumbani

Katika kazi yangu ya kutibu wanyama, kinachoniumiza zaidi ni mbwa au paka aliyecheleweshwa kwa kuwa alionekana mzima. Sumu nyingi hufanya kazi kimyakimya kwanza, kwa hiyo usisubiri dalili.

Hatua ya 1: Funga dawa zako kabatini. Mbwa hutafuna chupa ya vidonge bila shida, na mkoba ulioachwa kitini kwake ni mwaliko. Kwa paka, hofia zaidi parasetamoli. Ini lake haliwezi kuichakata, damu inashindwa kubeba oksijeni, na ufizi unageuka rangi ya kahawia. Kidonge kimoja chaweza kumuua. Tafadhali usimpe hata kipande kwa kumhurumia.

Hatua ya 2: Soma lebo ya dawa ya viroboto. Dawa ya mbwa yenye permethrini humtia paka mitetemeko na degedege. Usimpake kamwe, na ukimpaka mbwa, watenganishe kwa siku tatu.

Hatua ya 3: Kagua jikoni. Chokoleti, hasa nyeusi, huyumbisha mapigo ya moyo. Zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Vitunguu vya aina zote, hata vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na udhaifu huonekana siku kadhaa baadaye. Bazoka na peremende zisizo na sukari ziangalie kwa makini: zikiwa na zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari (kwenye lebo huandikwa pia E967), sukari ya damu ya mbwa yaweza kuporomoka ndani ya nusu saa.

Hatua ya 4: Ondoa sumu ya panya. Tumia mtego wa kawaida mahali mbwa au paka wako asipofika. Aina nyingi za sumu hii huzuia vitamini K, ambayo mwili huihitaji ili damu igande. Siku mbili tatu za mwanzo mnyama hula na kucheza kama kawaida, halafu damu inaanza kuvuja ndani kwa ndani. Akiwahishwa kabla ya hapo, matibabu ya vitamini K1 kwa wiki kadhaa huokoa wengi. Tunza pakiti ya sumu, kwani zipo aina nyingine zisizotibika kwa vitamini hiyo.

Hatua ya 5: Kama una paka, usiweke maua ya lili ndani. Jani, chavua iliyomwagikia manyoya, hata maji ya chombo cha maua, vyote huua figo zake.

Hatua ya 6: Akishakula sumu. Mtoe hapo alipo, kisha mpigie simu daktari wa mifugo papo hapo. Usimtapishe bila kuelekezwa: mafuta ya taa yanaweza kuingia mapafuni, na dawa ya kuzibua mabomba huunguza koo mara ya pili. Maji ya chumvi ya kumtapishia nayo ni sumu. Maziwa si dawa, ingawa wengi huyakimbilia. Dawa ikiwa kwenye manyoya, mzuie asijirambe, na muulize daktari kama umwoshe.

Mwambie daktari uzito wa mnyama, alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Nenda na pakiti yenyewe. Akiwa ametapika, chukua matapishi kidogo kwenye mfuko.