Kabla Hujagusa Nyaya za Plagi za Gari la Zamani

Wenye magari ya zamani hapa Mwanza wanaijua hali hii. Ni asubuhi ya masika, boneti imelowa umande, unapiga stata na injini inakohoa bila kuwaka, au inawaka ikimisi mpaka jua lipande. Lawama huangukia kabureta. Kabla hujaifungua, tazama nyaya za plagi. Mpira wake ukizeeka hupata nyufa, na umeme wa koili, kifaa kinachopandisha nguvu ya umeme wa betri, ambao huweza kupita volti 20,000, hupenya kwenye nyufa hizo na kukimbilia chuma cha injini badala ya kufika kwenye plagi. Unyevu wa ziwa huurahisishia safari.

Thibitisha kwanza. Kagua kama hakuna petroli inayovuja, kisha usiku, gari likiwa nje penye hewa na giza, washa injini na unyunyizie nyaya maji kidogo sana kwa chupa ya dawa ya nywele iliyosafishwa. Mikono na nguo vikae mbali na feni, na usiguse waya wowote. Waya mbovu utatoa cheche za buluu. Ukiwa na mita, zima injini, chomoa waya mmoja mmoja na upime kizuizi chake cha umeme (ohm). Waya mrefu wa kaboni, yaani wenye kaboni ndani badala ya shaba, kusoma juu kuliko mfupi ni kawaida. Ule uliowaacha wenzake mbali, au ambao usomaji unapotea ukiukunja, umekwisha.

Kazi kubwa iko kwenye ununuzi. Spea nyingi madukani ni za magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni, kwa hiyo seti ya Land Rover ya miaka ya 1960 au Peugeot 504 huenda ukaiagiza Dar es Salaam au Nairobi ikaja kwa basi. Usifungue kitu mpaka mzigo ufike na uulinganishe na nyaya zako: urefu, vichwa vya upande wa plagi, na vya upande wa distributa, kifaa kinachogawia kila plagi umeme wake. Tazama pia ncha ya plagi, kwani baadhi ya vichwa hushika nati ndogo ya juu na vingine hushika nyuzi za skrubu nati ikiwa imetolewa.

Kilichomo ndani ya waya ni muhimu zaidi ya rangi yake. Baadhi ya vifuniko vya zamani vya distributa vya kampuni ya Lucas hukaza waya kwa skrubu yenye ncha inayotoboa mpira na kugusa shaba. Hapo waya wa kaboni haukufai. Lakini kama mtu aliondoa platini, zile ncha za kukata umeme ndani ya distributa, na kuweka mfumo wa elektroniki, shaba tupu isiyo na kizuizi inaweza kuvuruga kifaa hicho, na redio itanguruma pia. Muulize aliyekuuzia gari, au fungua kifuniko ujionee. Ukikifungua, kagua nyufa na kutu ya kijani ndani yake. Nyaya mpya kwenye kifuniko kibovu ni hasara.

Halafu mpangilio wa silinda kupata cheche. Land Rover ya petroli ya silinda nne na Peugeot 504 huchoma 1-3-4-2, Volkswagen Beetle huchoma 1-4-3-2, na silinda za Beetle hazimo kwenye mstari mmoja, kwa hiyo usihesabu kwa mazoea. Piga picha, bandika namba kwa utepe kila upande, na badilisha waya mmoja kwa wakati. Naomba sana usikubali fundi azing'oe zote kwa pamoja, hata akikuhakikishia anazikumbuka.

Injini iwe baridi na betri imechomolewa. Andaa brashi, kwa sababu vumbi likiachwa kwenye mashimo ya plagi litaingia ndani ya silinda plagi zikitolewa. Uwe na grisi ya silikoni ya kupaka kidogo ndani ya vichwa vya mpira kuzuia unyevu, pamoja na vibanio vya kuziweka nyaya mbali na eksozi na zisisuguane. Kichwa kikigoma, kizungushe taratibu ukikivuta chenyewe, usivute waya.

Katika nyaya za zamani ulizotoa, chagua ndefu kuliko zote iliyo nzima uiweke kwenye buti. Kati ya hapa na Geita au Musoma, waya mmoja unaofika silinda yoyote utakurudisha nyumbani.