Kipimo cha kromosomu za mtoto kikiashiria saratani kwa mama: hatua za kuchukua

Damu inayochukuliwa kuanzia wiki ya 10 ya ujauzito kuchunguza kromosomu za mtoto (vifurushi vinavyobeba DNA) imejaa zaidi DNA ya mama mwenyewe. Ile ya kondo la nyuma huwa karibu asilimia 10 tu. Saratani ikiwepo mwilini, nayo humwaga DNA yake humo humo, na majibu hurudi hayasomeki au yana kasoro nyingi, ilhali mtoto ni mzima.

Usikubali kuambiwa "tutarudia kipimo" basi. Omba maabara itaje kromosomu zilizoguswa, na kama zimezidi au zimepungua. Zinazotia shaka kubwa ni tatu au zaidi, baadhi zimezidi na nyingine zimepungua. Moja iliyozidi peke yake mara nyingi hutoka kwenye kondo. Mweleze daktari ukiwa na fibroidi au upungufu wa vitamini B12, au kama umewahi kupandikizwa kiungo: hayo nayo huvuruga majibu.

Kisha dai MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) ya mwili mzima, bila sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Katika utafiti wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, uliochapishwa Desemba 2024, wanawake 52 kati ya 107 wenye majibu ya namna hii walikutwa na saratani, limfoma (saratani ya mitoki) ikiongoza, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na dalili yoyote. MRI ilizinasa karibu zote. Kupapaswa shingo, makwapa na kinena ni lazima, lakini usiruhusiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu mitoki haijavimba. Alama za saratani zinazopimwa kwenye damu, kama CA-125 na AFP, hupanda kwa ujauzito wenyewe, hivyo hazitoshi kuamua. Na dalili zikiwepo, mara nyingi husingiziwa mimba: uchovu, kukosa pumzi, damu kwenye choo kikubwa inayoitwa bawasiri. Zitaje zote.

Uvimbe ukionekana, hukatwa kipande chake kidogo cha kupima; ujauzito si sababu ya kusubiri. MRI ikiwa safi, rudia kipimo cha DNA baada ya kujifungua. Kasoro zikibaki, uchunguzi uendelee.

Mtoto huchunguzwa kivyake kwa utrasaundi na, kuanzia wiki ya 15, kwa maji ya uzazi. Usifanye uamuzi wowote kuhusu mimba kabla ya majibu hayo. Dawa nyingi za kemotherapi hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, mimba ikiendelea, chini ya daktari wa saratani na wa uzazi wakishirikiana.